Rimu au diski: ubishi wa breki ya nyuma kwenye baiskeli ya trayali

Trayali ni mchezo wa kuvuka mawe, magogo na vizingiti kwa baiskeli isiyo na kiti, bila kukanyaga chini. Muda mwingi unasimama kwa gurudumu la nyuma peke yake, la mbele likiwa hewani, na kinachokushikilia hapo ni kidole kimoja kilichokaza breki. Ikiteleza hata kwa upana wa ukucha, unaangukia mgongo. Sishangai kwamba ubishi wa breki ya nyuma, iwe ya rimu, ambayo pedi zake hubana ukingo wa gurudumu lenyewe, au ya diski, ambayo hubana sahani ya chuma iliyofungwa katikati ya gurudumu, haujapata mshindi.

Wenye breki ya rimu wana hoja nzito, nami niko upande wao kwa baiskeli ya mazoezi ya kila siku. Breki ya rimu inayosukumwa kwa oili, kama Magura HS33, inabana nje kabisa, karibu na tairi. Diski ya milimita 160 inabanwa chini ya milimita 80 kutoka katikati ya habu, yaani kitovu cha gurudumu. Rimu ya inchi 26 inabanwa zaidi ya milimita 250 kutoka hapo. Uzito wako ni uleule, lakini diski inalazimika kushika kwa nguvu zaidi ya mara tatu. Isitoshe, nguvu hiyo inapita kwenye habu na spoki kabla ya kufika kwenye tairi. Spoki zikilegea, gurudumu linajinyonga kidogo kabla ya kutulia, na mtikisiko huo unausikia miguuni pale unapojiandaa kuruka.

Ila breki ya rimu inataka mtu wa kuihudumia. Ili pedi zing'ate, uso wa rimu hukwaruzwa kwa grenda, mistari myembamba iliyosongamana. Baada ya muda mistari inalainika, unakwaruza tena, na kila mara ukuta wa rimu unazidi kuwa mwembamba. Ukizembea kuukagua, siku moja ukuta huo utapasuka. Pedi nazo zinaliwa haraka. Kazi kubwa zaidi ni kuzipanga: pedi iguse rimu kwa uso wote, kwa mara moja. Ukingo mmoja ukitangulia, pedi inajipinda unapokaza na mkono wa breki unabonyea kama sponji. Wengi hapo hukimbilia kutoa upepo kwenye oili ya breki, wakati oili haina kosa lolote. Mimi huweka tochi nyuma ya rimu na kubana polepole. Mwanga unaopenya unanionyesha ncha iliyochelewa.

Diski haina habari na rimu iliyopinda, iliyolowa au yenye tope. Ukitua vibaya juu ya jiwe ukabonyeza ukingo wa rimu, mwenye diski anaendelea. Mwenye breki ya rimu huenda siku yake imeishia hapo. Kwa anayecheza kwenye mawe yenye maji na tope, hiyo peke yake inatosha kuamua. Adui wa diski ni mafuta. Tone moja la mafuta ya cheni, au kidole kilichotoka kushika cheni, na mshiko umeondoka. Pedi mpya nazo lazima zizoeshwe kwa kufunga breki mara nyingi ukiwa kwenye mwendo, na baiskeli hizi hazina mwendo. Yenye magurudumu ya inchi 20 mara nyingi hufungwa giya ya meno 18 mbele na 12 nyuma, kwa hiyo mzunguko mmoja wa pedali unakusogeza kama mita 2.4 tu. Inabidi utafute mteremko.

Kwa gurudumu la mbele sina ubishi, naweka diski. Kwa la nyuma, usinunue chochote kabla hujajua kinachoteleza ni nini. Nilikaa wiki kadhaa nikikwaruza rimu na kubadilisha pedi, nikiamini breki imechoka. Siku moja nikachora mstari wa chaki kutoka kwenye tairi hadi kwenye rimu, nikaruka mara tano juu ya gurudumu la nyuma, nikainama kutazama. Mstari ulikuwa umekatika: tairi, kwa upepo mdogo niliopenda kuliwekea, lilikuwa linazunguka juu ya rimu huku pedi zimeshika barabara. Nikaongeza upepo. Breki ile niliyotaka kuitupa bado iko kwenye baiskeli.