Upweke wa shamba? Mimi sijauona

Mwandishi wa makala moja kuhusu wastaafu anasema mstaafu akihama Dar kwenda shamba, upweke unamzeesha haraka. Hapana, ndugu mwandishi. Nilistaafu na miaka 60, nikahamia Kisarawe na cherehani yangu ya kukanyaga. Nikishuka Kariakoo, mafundi wananijazia mfuko mabaki ya vitenge. Nashona mashuka mazito ya viraka: juu vipande, katikati blanketi kuukuu, chini khanga. Hili la sasa ni la mjukuu. Katikati nimeweka mji, yaani sehemu ya kati, wa khanga ya marehemu mama, maneno yake bado yanasomeka. Hapo sikutia cherehani, nimeshona kwa mkono, taratibu. Juzi jirani kaja na shati la marehemu mumewe. Tumelikata pamoja chini ya mwembe.