Kitufe kipya, maelezo baadaye: nani amsubiri nani?

Newala iko juu, maji yako chini. Ukisimama ukingoni mwa uwanda wa Makonde unaliona bonde la Ruvuma lote mpaka ng'ambo Msumbiji, lakini ndoo ya maji ya kupikia lazima ipande. Mradi wa maji wa Makonde, unaosukuma maji kutoka Mitema kwenda vijiji vya juu, upo kwa sababu hiyo. Kwa hiyo huku kwetu anayechora njia ya bomba kwenye kompyuta haulizi urefu wa bomba kwanza, anauliza mlima. Kila mita 10 za kupandisha maji zinadai presha ya takriban bar 1, na ukikosea mita 30 umenunua pampu isiyofaa.

Ndiyo maana toleo la 3.26 la QGIS, programu huria (ya bure na ya wazi) ya kuchora ramani, lililotoka mwaka 2022, lilikuwa habari njema kwetu tunaofundisha vijana kuchora ramani Mtwara na Lindi. Lilileta kifaa cha kuchora mkato wa mwinuko ndani ya programu yenyewe: unavuta mstari juu ya ramani, na dirisha la chini linakuonyesha jinsi ardhi inavyopanda na kushuka kwenye mstari huo. Kabla ya hapo tulitegemea plagini, yaani programu ndogo ya kuongezea, au tulisoma mwinuko nukta kwa nukta na kuujaza kwenye Excel.

Tulikuwa na ukurasa mmoja tu wa tangazo la toleo hilo, tumeuchapisha kwa sababu bando lilikuwa la kuhesabu. Picha ilikuwa safi na mkato wake ulionekana vizuri. Tukafungua data ya mwinuko, binti mmoja akavuta mstari kutoka bondeni hadi juu ya uwanda. Dirisha likafunguka, tupu.

"Kaka, mbona hamna kitu?"

Tukakagua leya, yaani tabaka la data kwenye ramani, ipo. Tukakagua mfumo wa kodineti, yaani namba zinazotaja mahali, maana ramani za zamani za mita-gridi zilizo kwenye Arc 1960, mfumo wa zamani wa kodineti, zikichanganywa na data za GPS bila kubadilishwa, kila kitu kinahama kwa mamia ya mita na hapo unaweza kulaumu chochote. Kodineti zilikuwa sawa. Karibu saa nzima ilipotea. Jibu lilikuwa tiki moja kwenye sifa za leya, sehemu ya mwinuko, ya kuiambia programu kwamba namba zilizomo kwenye rasta hii, yaani leya ya vijimraba ambamo kila kimoja kina namba yake, ni kimo cha ardhi. Ukifikiri, ni jambo la haki. Rasta inaweza kubeba mvua, joto au aina ya udongo, na programu haina sababu ya kukisia. Lakini picha haikutuambia hivyo. Hatua kama hiyo ni kazi ya mwongozo wa mtumiaji, nasi mwongozo hatukuwa nao mkononi.

Hapo ndipo ulipo mjadala ninaotaka kuupima. Je, kipengele kipya cha programu huria kitoke kabla maelezo yake hayajaandikwa?

Kwanza tuelewe kazi inavyokwenda. QGIS ilianzishwa na Gary Sherman mwaka 2002 na hadi leo inajengwa na watu wengi wa nchi nyingi, baadhi kwa kujitolea, baadhi wakilipwa na taasisi zinazohitaji kipengele fulani. Toleo jipya hutoka kila baada ya miezi 4. Mara moja kwa mwaka toleo mojawapo huteuliwa kuwa la muda mrefu, nalo huendelea kurekebishwa makosa wakati mengine yanapita. Kila toleo huja na orodha ya mambo mapya yenye picha. Mwongozo kamili ni kazi nyingine. Mtengenezaji akiweka alama kwamba kipengele chake kinahitaji maelezo, kazi ya kuyaandika inafunguliwa kwenye orodha ya timu ya mwongozo, na hapo inamsubiri mtu mwenye nafasi. Mwongozo wenyewe hulenga toleo la muda mrefu. Toleo la 3.26 halikuwa hilo. Lililofuata, 3.28 la Oktoba 2022, ndilo lililoteuliwa.

Wanaosema maelezo yatangulie wana hoja nzito, na mimi nimeionja. Mtu wa mjini mwenye intaneti ya haraka akikwama atatafuta video, atauliza, atapata jibu kabla chai haijapoa. Fundi wa kata aliyeko Liwale au Nanyumbu hana njia hiyo. Kwake, kipengele kisichoelezwa hakipo, na kilichoelezwa nusu ni kibaya zaidi, kwa sababu kinampa picha anayoweza kuiamini bila kujua mipaka yake. Chukua huo mkato wa mwinuko. Data ya bure ambayo wengi wetu tunaitumia ni ya SRTM, iliyopimwa kwa rada kutoka angani mwaka 2000. Rada haikuona udongo peke yake. Kwenye miti iliona pia majani. Ukikata mstari katikati ya mashamba ya mikorosho iliyokomaa, sehemu ya "kilima" unachokiona inaweza kuwa matawi. Kifaa hakina kosa hapo, kinachora ulichokipa. Lakini nani amwambie mchoraji? Kama maelezo ya kitufe yanaishia "vuta mstari, mkato utatokea", basi atakayelipa ni mwanakijiji atakayekaa na bomba kavu.

Upande wa pili nao usidharauliwe. Ukisema hakuna kipengele kitakachotoka mpaka mwongozo ukamilike, umefunga mlango kwa mambo mengi yasiyohusiana na kitufe chako. Toleo moja hubeba vipengele vipya pamoja na mamia ya marekebisho. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya kwenda Dar es Salaam maeneo ya Kilwa, na watu wakahitaji ramani za haraka za njia na madaraja. Ukimwambia mchoraji wa ramani siku hiyo kwamba rekebisho analolihitaji limezuiwa kwa sababu aya ya kifaa cha mkato haijaandikwa, atakushangaa, na ana haki.

Kuna hoja nyingine isiyosemwa sana, nayo ndiyo iliyonifanya nilegeze msimamo wangu wa awali. Maelezo yanayoandikwa mapema huandikwa na aliyekitengeneza kifaa, na huyo ndiye mtu asiyeweza kukwama. Ile tiki kwake ni jambo la kawaida kiasi kwamba hafikirii kuitaja. Vikwazo vya kifaa huonekana baada ya kutumika, mikononi mwa wengine, kwenye data chafu, kwenye laptop ya zamani. Mwongozo mzuri unahitaji muda huo. Isitoshe vitufe huhamishwa na kubadilishwa majina kati ya toleo na toleo. Ukiandika kurasa 10 zenye picha mapema mno, nusu yake itapotosha.

Kwa hiyo siungi mkono kusimamisha kalenda. Ninachokikataa ni desturi ya kuyaona maelezo kama deni lisilo na mwenyewe. Anayefadhili kipengele mara nyingi hulipia uandishi wa msimbo wa programu na kuishia hapo, wakati mradi unalazimika kutafuta fedha za mwongozo kwenye michango. Ni kama kulipia kisima bila kulipia mfuniko. Aliyelipia kifaa alipie na aya zake. Hilo ni dogo kwenye bajeti yoyote ya kipengele kikubwa.

Na kabla aya hizo hazijaandikwa, kila kipengele kingetoka na mistari mitatu tu pembeni ya picha: nini lazima kiwekwe kwanza ili kifanye kazi, matokeo yake hayamaanishi nini, na kimeanza toleo gani. Hiyo haihitaji miezi. Mtengenezaji anaiandika kwa dakika chache, na mtu wa kwanza kukwama anaisahihisha. Mistari hiyo ingetuokolea saa yetu ya Newala na kutukumbusha mikorosho.

Sisi nasi tuna sehemu yetu, na naisema nikijihesabu. Kwa muda mrefu nilifundisha kwa toleo jipya kuliko yote kwa sababu lilinivutia, wakati darasa lisilo na intaneti lilihitaji toleo la muda mrefu ambalo mwongozo wake unalingana nalo na unaweza kupakuliwa na kuwekwa kwenye flashi. Sasa tunafanya hivyo. Pia tumeanza kuandika maelezo yetu ya nusu ukurasa kwa Kiswahili. Majina ya vitufe tunayaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini, Elevation Profile (kile kifaa cha mkato wa mwinuko) ibaki Elevation Profile, kwa sababu ukimpa fundi tafsiri nzuri isiyoonekana popote kwenye menyu unamwongezea kazi. Kilichobaki chote ni Kiswahili, pamoja na neno leya, ambalo hapa kila mtu analielewa.

Rasimu ya kwanza niliiandika mimi. Mstari wa pili ulisema: "Weka tiki ya mwinuko kwenye sifa za leya." Yule binti aliyevuta mstari siku ile, anayetoka Tandahimba, akausoma, akanirudishia karatasi. "Leya ipi? Hapa kuna leya tatu." Zilikuwepo kweli: barabara, mipaka ya vijiji na rasta ya mwinuko. Akachukua kalamu akaandika mwenyewe: "Bofya mara mbili leya ya rasta ya mwinuko, si ya barabara wala ya mipaka, ndipo uweke tiki. Ukiona dirisha tupu, rudi hapa."