Kusoma Tangazo Hakuhitaji JavaScript

Juzi nilitaka kusoma tangazo la taasisi moja ya umma. Maandishi matupu: aya chache, tarehe ya mwisho ya kutuma maombi, orodha ya viambatisho. Kwenye kivinjari changu JavaScript, lugha ya programu ndogo (skripti) zinazoendeshwa ndani ya ukurasa, imezimwa, isipokuwa kwa tovuti ninazoziamini, kwa hiyo skrini ilijaa weupe na sentensi moja ya Kiingereza ikinitaka niwashe JavaScript ili niweze kuendesha programu hii. Programu gani? Nilikuja kusoma tarehe.

Nilipomweleza fundi mmoja wa tovuti alinijibu kama wanavyojibu wengi: nani anazima JavaScript siku hizi? Umeizima mwenyewe, iwashe mwenyewe.

Ni kweli tuko wachache. Lakini jibu hilo linakwepa swali. Mwaka 2013 kitengo cha huduma za kidijitali cha serikali ya Uingereza kiliamua kupima badala ya kubishana. Kwenye GOV.UK, tovuti ya serikali hiyo, walipachika picha tatu: moja inayoombwa na kila kivinjari, nyingine inayoombwa na skripti, na ya tatu inayoombwa pale tu skripti zimezimwa. Kisha wakahesabu maombi yaliyofika. Asilimia 1.1 ya wageni hawakupata kile ambacho JavaScript ilipaswa kuwapa. Walioizima, pamoja na wenye vivinjari visivyo nayo, walikuwa asilimia 0.2 tu. Asilimia 0.9 iliyobaki walikuwa na JavaScript, imewashwa, na bado haikufanya kazi.

Hao ndio ninaowapigania, na ni zaidi ya mara nne ya watu kama mimi.

Anayejenga tovuti anajua skripti hufia wapi. Mtandao hukatika HTML, yaani maandishi na muundo wa ukurasa, ikiwa imeshafika, faili la skripti likiwa bado njiani. Simu ya zamani hukutana na sintaksia (namna ya kuandika skripti) isiyoijua na kulitupa faili zima. Ulinzi wa mtandao wa ofisini huzuia seva ya mbali ambayo ukurasa unaitegemea. Januari 2014 kichujio cha Sky, kampuni ya intaneti ya Uingereza, kiliizuia kimakosa seva inayosambaza jQuery, mkusanyiko wa skripti zilizo tayari ambao tovuti nyingi huutumia. Kwa wateja waliokuwa wamekiwasha, tovuti zilizoitegemea seva hiyo ziliharibika bila wenyewe kugusa mstari hata mmoja.

Na mtu aliyefikwa na hayo hapati hata ile sentensi ya Kiingereza niliyoipata mimi. Ujumbe wa aina hiyo (noscript) hutokea pale tu skripti zimezimwa. Zikiwa zimewashwa na zikashindwa, kivinjari hakisemi neno. Anautazama weupe, anadhani simu yake imeharibika au bando limekwisha, anajaribu tena, anaondoka. Na mara nyingi hata kwenye hesabu ya wageni hayumo, kwa sababu chombo kinachohesabu nacho ni skripti. Asiyekuwapo na lake halipo. Halafu watu wanaingia mkutanoni na chati zao, wanasema hakuna anayelalamika. Atalalamika vipi, na fomu ya malalamiko yenyewe haifunguki?

Kinachonikera zaidi ni kwamba wavuti haukuumbwa dhaifu hivi. HTML ni mvumilivu: kivinjari kikikuta tagi (alama ya muundo) kisichoijua kinairuka na kuonyesha maneno yaliyomo. JavaScript haina subira hiyo; kosa moja mahali pabaya na kila kilichofuata kinasimama. Ukurasa wa kwanza wa wavuti, uliotengenezwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, na Tim Berners-Lee, mvumbuzi wa wavuti, bado unasomeka kwenye kivinjari cha leo. Kiungo kinajua kwenda. Fomu inajua kukusanya majibu na kuyapeleka kwenye seva, na imejua hivyo tangu miaka ya 1990. Sisi tunavitupa hivyo vyote, tunachukua div tupu, kisanduku kisicho na kazi yake maalumu, tunaipaka rangi ya kitufe, kisha tunaandika skripti ndefu ya kuifundisha kazi ambayo kitufe halisi kilizaliwa nayo.

Nakubali kuna vitu haviwezekani bila skripti. Ramani ya kukuza na kusogeza, simu ya video, kuhariri picha: hapo mwambie mgeni wazi kwamba JavaScript ni lazima, na sina ugomvi. Nakubali pia, kwa shingo upande, kwamba hoja ya kuwa skripti huwafungia nje wasioona haina tena nguvu ya zamani. Mwongozo wa WCAG, unaoeleza jinsi ya kufanya wavuti utumike na watu wenye ulemavu, toleo la mwaka 1999, ulitaka kurasa zitumike hata skripti zikizimwa. Toleo la 2008 liliacha sharti hilo, na visoma-skrini vya leo, programu zinazowasomea wasioona kwa sauti, hufanya kazi na kurasa zenye JavaScript. Lakini tangazo la kazi si ramani. Fomu ya maombi si simu ya video.

Wengine watasema hiyo ni kazi mara mbili. Si lazima iwe hivyo. Tangu 2003 wataalamu wa wavuti Steven Champeon na Nick Finck walishaeleza njia: anza na maudhui yanayosomeka popote, kisha ongeza urembo na wepesi juu yake kwa kivinjari kinachoweza. Kazi inakuwa mara mbili kwa anayeanzia darini.

Kuhusu usalama nitasema hili tu: mwaka 2024 kikoa cha polyfill.io, kilichotoa skripti za kusaidia vivinjari vya zamani, baada ya kubadilisha mmiliki kilianza kusambaza msimbo hasidi kwenye tovuti zaidi ya laki moja zilizokiamini. Anayezima skripti ana sababu zake.

Januari 2025 Google nayo ilianza kudai JavaScript kwenye utafutaji wake. Kampuni binafsi ifanye itakavyo, ingawa inauma. Taasisi ya umma haina uhuru huo. Mwananchi hawezi kuhamia kwa mshindani wake, na tarehe ya mwisho haimsubiri kwa sababu faili lilikwama njiani. Kwa hiyo kwa wanaojenga tovuti hizo ombi langu ni jepesi: zimeni JavaScript kwenye kivinjari chenu, fungueni ukurasa mliouzindua, mjaribu kutuma fomu ile ambayo mtu akichelewa kuituma anakosa haki yake. Kama haitumwi, anzeni na hiyo kabla ya picha zinazojizungusha pale juu.