Kuliacha kundi Lisbon kuifuata dhahabu ya Kilwa

Tulikuwa mahujaji 38 kutoka kusini mwa Tanzania. Tumetoka Fátima, mji wa hija ya Bikira Maria huko Ureno, kwenye ibada za tarehe 13 Oktoba 2023, na ratiba ilitupa siku moja tu ya Lisbon kabla ya ndege ya usiku. Saa nne asubuhi basi lilitushusha Belém, kitongoji cha Lisbon kando ya mto, mbele ya monasteri ya Jerónimos. Mwongozaji wetu, mama wa Kireno anayeijua kazi yake, alituingiza kanisani na kutupeleka moja kwa moja kwenye kaburi la Vasco da Gama. "Huyu ndiye aliyefungua njia ya bahari ya kwenda India," alisema, na kiongozi wa msafara akatutafsiria. Watu wakapiga picha. Tulipotoka nje nilimfuata kiongozi pembeni, nikamwomba aniruhusu niondoke peke yangu kwa saa mbili. Uso ulimbadilika.

Tangu siku ile nimekuwa nikiliwaza swali hili: mtu aliyelipia safari ya kundi ana haki gani ya kujitenga nalo? Wako wanaosema umelipia kundi, basi kaa na kundi. Wako wengine, hasa vijana, wanaosema safari ya kundi ni kuswagwa kama mbuzi na mtu mwenye akili hujitembeza mwenyewe. Kauli zote mbili zinatamkwa haraka mno, na mimi nimeshalipa gharama ya kila moja.

Nieleze kwanza kwa nini niliondoka. Nimefundisha historia Kilwa Masoko miaka tisa. Kila mwaka nilivuka na wanafunzi kwa mashua hadi Kilwa Kisiwani, tukaingia Msikiti Mkuu, tukapanda hadi Husuni Kubwa, magofu ya jumba la masultani, na nikawasimulia yaliyotokea. Mwaka 1502 Vasco da Gama, katika safari yake ya pili, alitia nanga pale na merikebu zenye mizinga, akamlazimisha Amir Ibrahim, mtawala wa Kilwa, kulipa kodi ya dhahabu kuwa ishara ya kumtii mfalme wa Ureno. Mwaka 1505 Mreno mwingine, Francisco de Almeida, alikuja na askari wakauteka na kuupora mji. Hayo yamo kwenye vitabu vya shule. Kitu ambacho sikuwahi kuwaonyesha wanafunzi wangu ni ile dhahabu yenyewe ilikoishia.

Iliishia Lisbon. Vasco da Gama aliifikisha mwaka 1503, Mfalme Manuel I akamkabidhi sonara Gil Vicente, na mwaka 1506 ikawa monstransi, chombo cha kuwekea Ekaristi Takatifu wakati wa kuabudu. Ilitengenezwa kwa ajili ya monasteri ileile ya Jerónimos tuliyokuwa tumesimama ndani yake asubuhi ile. Leo ipo Museu Nacional de Arte Antiga, jumba la makumbusho lililo kati ya Belém na katikati ya jiji, mwendo mfupi kwa tramu namba 15. Wakatoliki 38, wengine wazaliwa wa Kilwa na Lindi, tulipita katika kanisa lile na hakuna aliyetajiwa jambo hilo.

Simlaumu mwongozaji. Hakusema uongo hata mara moja. Ratiba ya Belém imekatwa kipimo kimoja kwa kila mgeni, awe Mkorea, Mbrazili au Mpolandi: kanisa, mnara, sanamu kubwa ya mabaharia iliyojengwa mwaka 1960, halafu vile vitobosha vyao vya maziwa na mayai viitwavyo pastéis. Ni ziara nzuri. Ila historia pale inasimuliwa ukiwa umesimama gatini na walioondoka. Sisi ni wajukuu wa waliofikiwa, na sehemu yetu ya habari haimo kwenye ziara ile.

Sasa nilitetee kundi, maana linastahili kutetewa kwa nguvu. Mwaka 1841 Thomas Cook aliwapakia mamia ya watu kwenye treni kutoka Leicester kwenda Loughborough kwa shilingi moja kila mtu, na biashara iliyokua kutokana na safari ile iliwafungulia dunia watu ambao wasingeweza kusafiri peke yao. Nasi ndivyo tulivyofika. Zaidi ya nusu ya msafara wetu hawakuwahi kupanda ndege. Tulikuwa na bibi wa miaka 71 mwenye kisukari, aliyeweka akiba miaka minne. Bila bei ya kundi, bila mtu wa kujaza fomu na kupanga foleni za viza, bila Padre wa kusema Misa kila asubuhi kwa lugha yetu, bibi yule asingeiona Fátima. Anayeliita hilo kuswagwa ajiulize kwanza yeye alisaidiwa na nani safari yake ya kwanza.

Halafu kuna jambo ambalo Mzungu anayesafiri na kundi halimgusi kabisa. Kiongozi aliniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, wewe nakuamini. Lakini ukipotea, hata kwa bahati mbaya, mwakani tutaombaje viza?" Kila mtu kwetu anajua maana yake. Wako waliosafiri na makundi ya hija, ya kwaya na ya michezo, wakafika Ulaya wakazamia. Aliyezamia anaanza maisha yake, na waliobaki nyumbani wanalipa: wakala anapoteza jina, parokia inatiliwa shaka, mama wa watu anayetaka kwenda kusali tu ananyimwa viza. Kiongozi anayehesabu vichwa kila tukishuka kwenye basi si mkorofi. Amebeba safari za watu ambao bado hawajaondoka.

Hapohapo nina ugomvi naye. Pasipoti zetu zote zilikuwa kwenye begi lake tangu uwanja wa ndege. Hofu ya watu kuzamia naielewa, ila dawa hii siikubali. Mtu mzima katika nchi ya kigeni, asiye na kitambulisho mfukoni, yuko hatarini zaidi kuliko mwenye nacho. Akizidiwa akakimbizwa hospitali, akisimamishwa na polisi, akiachwa na basi, atajitambulisha kwa nini? Hata wanaobaki ndani ya kundi hawako salama kwa mtindo huo, sembuse anayetoka. Padre aliposema, "Mpe mwalimu pasipoti yake, mimi nitamjibia," ndipo begi lilipofunguliwa. Nashukuru. Lakini haki ya kushika pasipoti yangu haikupaswa kumsubiri mdhamini.

Nilipanda tramu peke yangu. Hapakuwa na wa kunitafsiria, na masikio yakaanza kufanya kazi yaliyokuwa yameisahau kwa siku tano. Mama mmoja alikuwa akimwelekeza mtoto wake jambo, nikaokota neno "mesa". Meza. Maneno haya nimeyafundisha darasani kama orodha ubaoni: meza, leso, bendera, mvinyo, gereza. Sikuwahi kulisikia hata moja likisemwa na mwenyewe, nyumbani kwake, bila kujua kwamba tunalo. Ndani ya basi letu lenye kipaza sauti nisingelisikia.

Monstransi imo ndani ya kabati la kioo. Urefu wake hauzidi mkono wa mtu mzima, maana tarakimu zinazotajwa ni sentimita 73. Nilitegemea kitu kikubwa, kwa sababu kichwani mwangu Kilwa ni kubwa. Juu yupo Mungu Baba, chini yake njiwa mweupe, na katikati, kuzunguka mahali pa Hostia, mkate wa Ekaristi, mitume 12 wamepiga magoti. Ni wadogo kama kidole, na kila mmoja ana uso wake. Shinani kuna ndege na maua yaliyotiwa rangi, na ukingoni mwa kitako yanazunguka maandishi. Ilinibidi nitembee polepole kulizunguka kabati, nimeinama, nikisoma herufi moja moja. Yanasema kwamba Mfalme Manuel aliagiza itengenezwe kwa dhahabu na kodi ya Kilwa, ikamalizika mwaka 1506. Wameandika QVILOA. Nililitamka kwa sauti, na mlinzi akageuka kunitazama.

Nilikaa mbele ya kioo kile dakika 40. Mkono ulikuwa umeshapanda kufanya ishara ya msalaba kabla sijafikiri, kwa mazoea ya mtu aliyeabudu mbele ya monstransi maisha yake yote. Kisha nikakumbuka jinsi dhahabu ile ilivyopatikana, na kwamba ilimalizwa kufuliwa mwaka mmoja tu baada ya mji ule kuporwa. Dhahabu ilitoka bara, katika nchi ya Wazimbabwe wa kale, ikashuka hadi bandari ya Sofala, ikapitia mikononi mwa wafanyabiashara wa Kilwa, na sasa imepiga magoti Lisbon. Sikujua nifanye nini na mkono wangu. Hapo, kwa uaminifu kabisa, nilitamani kundi. Nilitamani Padre awe kando yangu nimuulize. Nilitamani wale wazee wa Kilwa Kivinje waione, waseme wanavyosema. Upweke ulinipa muda na utulivu ambao kundi lisingeweza kunipa. Haukunipa mtu wa kuzungumza naye.

Na ulikuwa na gharama kwa wengine. Tramu ya kurudi Belém ilijaa mpaka mlangoni, ya kwanza ikanipita, nikachelewa dakika 25. Chakula cha mchana kilikuwa kimepangwa kutolewa wote tukiwepo. Bibi wa kisukari alikuwa ameketi kiti cha mbele, mikono inamtetemeka, anatafuna biskuti aliyopewa na dereva. Nilimwomba radhi. Alinijibu, "Umefika salama, mwanangu, inatosha." Mpaka leo, nikisikia mtu akisema kujitenga na kundi ni haki yake na hakumhusu mwingine, namwona bibi yule na biskuti yake.

Kwa hiyo nasimama wapi? Nasimama upande wa ruhusa, lakini ruhusa iliyoandikwa kwenye ratiba tangu nyumbani, isiombwe kwa kunong'ona kando ya basi. Wakala aweke saa tatu au nne huru katika kila jiji kubwa, aseme mahali na saa ya kukutana, chakula kisimngojee aliyechelewa, na kila mtu ashike pasipoti yake. Asiyetaka kutoka abaki na mwongozaji. Mpango huo haumgharimu wakala pesa nyingi. Unamgharimu kuwaamini watu wake, na najua hilo ndilo gumu, ila mtu aliyeamua kuzamia hazuiwi na begi la pasipoti.

Yapo pia maeneo ambayo kundi kubwa haliwezi kuyafikia hata likitaka. Lisbon kuna mtaa unaoitwa Rua do Poço dos Negros, Mtaa wa Shimo la Weusi. Mwaka 1515 Mfalme Manuel yuleyule aliamuru lichimbwe shimo la kutupia maiti za watumwa. Watu 38 wenye bendera ya msafara wakijaa katika mtaa wa watu kama ule, hawataona kitu na wakazi hawatapita. Venice mwaka 2024 iliweka kikomo cha watu 25 kwa kundi moja na kupiga marufuku vipaza sauti. Mtaa wa namna hiyo unatembelewa na mtu mmoja au wawili, kimyakimya.

Monstransi ni jambo jingine, na hapa ndipo ninapojilaumu. Ile ilikuwa ya kundi zima. Nilijua habari zake tangu Lindi, nikazitunza moyoni kama hamu yangu binafsi, na nilipopata nafasi nikaenda kuituliza peke yangu. Kama ningesimama usiku uliotangulia, baada ya rozari, nikawaambia wenzangu kipo nini katika jiji lile, huenda tungepunguza saa moja ya mnara na pastéis tukaenda wote. Kuondoka kwangu kulinitosheleza mimi, lakini ratiba ya hija ilibaki vilevile.

Basi lilipoondoka Padre aliniletea kipaza sauti, akasema, "Mwalimu, waambie ulikokwenda." Niliwaambia yote, mpaka herufi za QVILOA. Kukawa kimya, kisha bibi akageuka kutoka kiti cha mbele: "Kilwa hii yetu? Kilwa Kisiwani?" Nikamwambia ndiyo, bibi, hiyohiyo. Wakati huo tulikuwa tunapita barabara ya chini kando ya mto Tejo, na makumbusho yako juu ya kilima, upande wa kushoto. Niliwaonyesha. Mzee mmoja wa Kivinje alimwomba dereva apunguze mwendo. Dereva alijibu kwamba hawezi, nyuma kuna magari. Watu wakahamia upande wa kushoto, wengine wakasimama na simu mkononi, na jengo likapita.