Wavu Hufunguliwa, Ukuta Je?

Mvua zikinyesha bara, bahari yetu hapa Malindi hugeuka rangi. Mto Sabaki hushusha udongo mwekundu, na ukisimama darajani waona mto mzima unakwenda kama chai ya maziwa. Siku hizi nikiutazama namkumbuka kambare mkubwa wa mto Mekong, samaki aliye hatarini kutoweka.

Mwaka 2005, kaskazini mwa Thailand, alivuliwa mmoja wa kilo 293. Jitu hilo, likishakua, halina hata meno, hula mwani. Alikufa, nyama yake ikaliwa. Siwezi kuwalaumu waliomvua, maana nimelelewa kwa pesa ya samaki. Tena wavuvi hubadilika: Desemba 2024, huko Kambodia, walinaswa sita ndani ya siku tano, wakatiwa alama, wakarudishwa mtoni wakiwa hai.

Ukuta wa bwawa ndio usiorudisha kitu. Kambare huyu husafiri masafa marefu kwenda kutaga, na tangu 2019 bwawa la Xayaburi la Laos linafua umeme likiwa limekingama katikati ya Mekong. Uchina walishaonja. Katika mto Yangtze aliishi samaki mwenye pua ndefu kama kafi, wa mita kadhaa. Bwawa la Gezhouba lilimfungia njia ya mazalia mwaka 1981. Mara ya mwisho alionekana hai 2003, na 2022 ikatangazwa kuwa hayupo tena duniani. Miaka 22 tu kutoka ukuta hadi kupotea machoni!

Sisi tuna mkunga wa mtoni, samaki mrefu kama nyoka. Huzaliwa baharini, huingia mtoni angali mdogo, mwili unapitisha mwanga kama kioo, akapanda juu kukaa miaka mingi. Akikomaa huteremka tena baharini, akataga, akafa. Safari hiyo hupita hapa hapa, kwenye mlango wa Sabaki, na huku juu, Makueni, ambako mto huu huu huitwa Athi, linajengwa bwawa la Thwake. Ndugu zetu wa Ukambani wana kiu ya kweli na maji ni haki yao, sisemi wanyimwe. Nataka wahandisi waje Mambrui, wakae na wazee wanaoujua mto huu, watuonyeshe kwenye ramani mkunga atapandia wapi na atashukia wapi. Kama njia haimo kwenye ramani hiyo, ichorwe sasa.