Ndege wa kweli ananishangaza kuliko ndege wa kutengeneza

Wiki hii nimetumiwa mara tatu ile video ya ndege eti ana uso wa mtu, chini wameandika maajabu ya dunia, sambaza kwa watu kumi. Ukiangalia vizuri unaona kabisa imechezewa na kompyuta. Sasa mi sina shida na anayeituma, mtu anayependa kushangaa ni mtu mzuri jamani, kinachoniuma ni kwamba tunashangazwa na ndege ambaye hayupo wakati hawa waliopo, wanaopita juu ya mapaa yetu usiku tumelala, wanafanya vitu ambavyo hata huyo mtengeneza video asingethubutu kuviwaza.

Hebu fikiria zamani. Watu wa Ulaya walikua wanaona mbayuwayu na korongo wanapotea kila baridi ikianza halafu wanarudi joto likirudi, na hakuna aliyejua wameenda wapi. Aristotle, yule mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, na akili zake zote zile, aliandika kwamba mbayuwayu wengine wanajificha mashimoni, na kwamba kuna ndege wanageuka kuwa aina nyingine majira yakibadilika. Baadae wengine wakasema wanalala kwenye matope chini ya maziwa. Karne ya 17 Muingereza mmoja, Charles Morton, akaja na yake, kwamba wanaenda mwezini! Na hakua mjinga, alikua msomi, alikaa akapiga hesabu safari ingechukua siku ngapi.

Jibu likaja limebebwa na ndege mwenyewe. Mwaka 1822 karibu na mji wa Klütz, Ujerumani, walimpiga risasi korongo mweupe, wakamkuta na mkuki umemchoma shingoni umetokea upande wa pili, mkuki wa mti wa Afrika, karibu sentimita 80. Yaani huyu korongo alichomwa Afrika, hakufa, akapiga mabawa na huo mkuki shingoni kuvuka nchi na nchi mpaka Ulaya alikozoea kujenga kiota. Wakamkausha na mpaka leo yupo Chuo Kikuu cha Rostock na mkuki wake. Kila nikimfikiria napata huruma na heshima kwa pamoja, sijui niielezeje.

Baada ya hapo watu wakaanza kufuatilia kwa utaratibu, mwaka 1899 Hans Christian Mortensen wa Denmark akaanza kuwavisha ndege pete za aluminiamu zenye namba, na siku hizi wanafungwa vifaa vidogo vinavyoongea na setilaiti. Na hapo ndo mambo yakazidi. Kuna ndege mmoja wa pwani, mdomo mrefu, miguu mirefu, jina la kisayansi Limosa lapponica. Oktoba 2022 mmoja wao alitoka Alaska akaenda kutua Tasmania, kilomita 13,560, siku 11 bila kutua popote. Hajala, hajanywa, na huyu sio bata kwamba atakaa juu ya maji apumzike, chini ni Bahari ya Pasifiki tu mchana na usiku. Alikua na miezi kama mitano tu tangu aanguliwe!

Anawezaje? Kabla ya safari anakula mpaka mafuta yanafika karibu nusu ya uzito wake, halafu, hii ndo ilinikalisha chini, mwili wake unapunguza tumbo na ini na figo, kwa sababu hewani hana chakula cha kusaga, kwa hiyo kwanini abebe mzigo. Akifika vinarudi kukua. Sasa niambie uso wa mtu kwenye ndege una nini cha kushindana na hilo.

Rafiki yangu mmoja huwa ananiambia nyie wapenda sayansi mkishaeleza kitu utamu wote unaisha. Sikubaliani nae hata kidogo. Hadithi ya mwezini ni tamu ndio, lakini ikishasimuliwa imeisha, huna cha kuuliza tena. Ukweli kila ukifunua unakuta mlango mwingine. Ukiuliza wanajuaje njia, unaambiwa wanasoma jua, wanasoma nyota, na wanahisi sumaku ya dunia, na kuna ushahidi kwamba hiyo sumaku wanaihisi kupitia protini iliyopo ndani ya jicho inayoamshwa na mwanga, kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba ndege anaiona kaskazini kama wewe unavyoona rangi. Yaani anaiona!

Na nyota je? Mtafiti mmoja, Stephen Emlen wa Marekani, alilea vifaranga vya ndege fulani wadogo wa bluu ndani ya ukumbi wenye anga la kutengeneza darini, akalizungusha lile anga kuzunguka nyota ya Betelgeuse badala ya nyota ya kaskazini. Ulipofika msimu wa kuhama wale ndege wakaipa mgongo Betelgeuse, kama vile ndo kaskazini na wao wanaelekea kusini. Kumbe hawazaliwi na ramani ya nyota kichwani, wanakaa kiotani usiku wanaangalia juu mpaka wajue nyota ipi haisogei.

Ila anayenimaliza mimi ni kekeo wa Ulaya. Mama yake anataga kwenye kiota cha ndege wengine, anaondoka, kifaranga analelewa na watu baki ambao sio kabila lake, na wazazi wake wa kweli wanakua wameshatangulia Afrika wiki kadhaa kabla. Hajawahi kuwaona. Hakuna wa kumfuata wala wa kumuonyesha. Na siku ikifika anangoja giza liingie, anaruka peke yake, anavuka bahari anavuka Sahara, na anafika walipo wenzake.