Usifute Bekapu kwa Kuangalia Tarehe

Skripti, programu ndogo inayojiendesha yenyewe, ilikuwa na kazi moja tu: kufuta kila faili ya bekapu iliyozidi siku 14. Tuliiweka kwa sababu diski ilikuwa ikijaa kila mara, na taasisi ninayofanyia kazi haikuwa na fedha ya kununua nyingine. Bekapu kamili ya seva ya barua pepe tulichukua mara moja kwa mwezi, usiku wa tarehe 1. Siku zilizobaki tulichukua bekapu za nyongeza, yaani za mabadiliko tu tangu bekapu iliyotangulia.

Hesabu mwenyewe. Kufika tarehe 16, skripti ilikwisha kuifuta bekapu kamili. Tarehe 23 diski za seva zikafa. Kwenye folda tulikuta wiki mbili nzima za bekapu, kila faili imeandikwa vizuri bila kosa, na hakuna hata moja iliyoweza kurudisha barua yoyote.

Mama wa uhasibu alikuja kusimama mlangoni. "Mwanangu, zile ankara za mkandarasi nitazipata lini?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Seva yetu ilikuwa Microsoft Exchange, na ni vizuri kuelewa inavyofanya kazi. Kila barua inayoingia, inayohamishwa au kufutwa huandikwa kwanza kwenye faili ndogo za logi, ambazo tangu toleo la 2007 kila moja ina MB 1. Hifadhidata yenyewe, ile faili ya .edb, husasishwa baadaye. Bekapu kamili hunakili hifadhidata pamoja na logi zake, kisha logi za zamani huondolewa kwenye seva ili zisijaze diski. Bekapu ya nyongeza hunakili logi peke yake, nayo pia huziondoa. Hatari iko hapo. Logi za Jumanne zikishanakiliwa, nakala pekee iliyobaki ni ile iliyo kwenye diski ya bekapu. Ukiifuta hiyo, za Jumatano hadi Jumamosi hazina pa kushikia, maana Exchange hutekeleza logi kwa mfuatano wa namba na hairuki hata moja. Na ukifuta bekapu kamili, mnyororo wote umekosa mwanzo.

Ipo pia bekapu ya tofauti. Hii haiondoi logi. Kila siku hunakili upya zote zilizoandikwa tangu bekapu kamili. Inakula nafasi zaidi, lakini ukitaka kurejesha unahitaji bekapu mbili tu: ile kamili na ya tofauti ya mwisho. Ofisi ndogo yenye mtu mmoja wa TEHAMA ningeishauri ichague hii, na bekapu kamili iwe ya kila wiki.

Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kufuta ni hili: kuna faili gani nyingine inayoitegemea hii? Mnyororo hufutwa mzima, kuanzia ule wa zamani kabisa, baada ya bekapu kamili mpya kukamilika na kujaribiwa. Tena ufutaji ufanyike ndani ya programu ya bekapu yenyewe, kwa sababu ina katalogi inayojua nini kinategemea nini. Ukifuta faili pembeni, katalogi itaendelea kukuonyesha bekapu ambayo haipo.

Hapa ndipo hesabu ya diski inapokosewa na wengi. Chukua hifadhidata ya GB 180, na logi za GB 4 kwa siku. Bekapu kamili moja na nyongeza za siku 6 ni GB 204. Ukitaka kubaki na minyororo miwili huku bekapu kamili mpya ikiandikwa, unahitaji GB 588. Anayenunua diski ya GB 500 anajilazimisha kufuta ya zamani kabla hajajua kama mpya ni nzima. Sisi tulikuwa na diski ya namna hiyo, na nasema bila kusita kwamba ile skripti ilizaliwa na bajeti.

Hata kampuni kubwa zimeumia. Januari 31, 2017, GitLab, kampuni inayohifadhi kazi za waandishi wa programu, walifuta kwa bahati mbaya data ya hifadhidata yao kuu, kisha wakagundua kuwa bekapu za kila siku zilikuwa hazifanyiki: programu ya kunakili ilikuwa ya toleo lisilolingana na hifadhidata. Taarifa za hitilafu zilitumwa kwa barua pepe, lakini barua hizo zilikataliwa kwa kukosa saini ya kidijitali iliyotakiwa. Februari 2011, hitilafu ya programu iliondoa barua za sehemu ndogo ya watumiaji wa Gmail, ikagusa nakala kadhaa kwa pamoja. Google walizirudisha kutoka kwenye tepu, kwa sababu tepu hazikuwa zimeunganishwa na mfumo. Ndiyo maana mimi sikubali bekapu iishie kwenye diski moja iliyo kwenye mtandao uleule wa seva. Nakala moja ichomolewe, ikae mbali.

Sisi tuliokolewa nusu na Outlook, programu ya kusomea barua kwenye kompyuta. Kompyuta za wafanyakazi zilikuwa na faili za OST, ambazo huhifadhi nakala ya sanduku la barua. Tulizitenga na mtandao kabla ya kuwasha seva mpya, maana OST ya sanduku la zamani haikubaliani na sanduku jipya, kisha tukazitoa barua kompyuta moja baada ya nyingine kwenda faili za PST, zinazojitegemea bila seva. Ilituchukua siku tisa. Waliokuwa wakisoma barua kwa kivinjari pekee hawakupata kitu.

Siku hizi kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tunarejesha sanduku moja kwenye hifadhidata ya majaribio, na mwenye sanduku ndiye anayekaa mbele ya skrini. Mwezi uliopita ilikuwa zamu ya Mama wa uhasibu. Alitafuta ankara za Machi, akafungua viambatisho kimoja kimoja, akalinganisha kiasi na daftari lake la mkono, ndipo akaniambia nizime.